Sanduku Lisilojua Gundi

Karakana, Jumatatu.
Tarehe muulize bibi yako, kalenda kawashia jiko.

Mjukuu wangu, mchumba wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe, tangu chai ya asubuhi ikiwa moto mpaka ikapoa. Bibi yako alitaka kunisomea nikamkatalia, mimi si mtu wa kusomewa. Shule nilikaa muda wa kutosha kumtengenezea mwalimu kiti, basi, nikaondoka, na kile kiti bado kipo ila mwalimu hayupo.

Ngoja nirudie nilivyoelewa, usije kusema babu alielewa vingine. Wewe unapiga gitaa la besi, lile lenye nyuzi nene kama kamba za kuanikia. Spika ya bendi imeungua. Mkubwa wa bendi hataki kununua nyingine, kwa sababu yule mpiga kinanda mnayemwita Vidole Kumi kamwambia mkono wake wa kushoto unatosha kufanya kazi yako. Sasa mkubwa kakwambia hivi: ukija na spika yako kabla ya tamasha la uwanjani, nafasi yako ipo. Usipokuja nayo, ukae nyumbani umsikilize Vidole Kumi. Spika yenyewe unayo, ile ya duara, uliiokoa kwenye jumba la sinema lililobomolewa. Kinachokosekana ni sanduku la kuitia. Ndivyo?

Basi lala usingizi. Kuniomba mimi sanduku ni kumwomba jogoo awike.

Uzi wako umefika. Umefanya vizuri kunitumia uzi wenye mafundo badala ya kuniandikia manamba. Fundo la kwanza upana, la pili kimo, la tatu kina, na lile jekundu ndilo duara. Damu yangu haijapotea. Futi ya chuma ina mdomo, leo inasema hili kesho lile, uzi hauna mdomo.

Nina mbao za mvule nilizozilaza darini kabla wewe hujaota meno. Na gundi hapana, nyumba hii unaijua. Gundi ni dawa ya fundi asiyejua kupima. Kona zangu ni meno kwa meno, mbao inaingia kwenye mbao inakaa kama mke na mume. Litazame kabati la bibi yako. Nililitengeneza mama yako hajazaliwa, halina tone la gundi, na mpaka leo ukifunga mlango mende anazunguka nje anakata tamaa anakwenda kwa jirani.

Jirani mwenyewe, yule mchomelea vyuma wetu Cheche, kapita hapa kauliza natengeneza nini. Nilipomwambia kacheka. Eti spika si kazi ya seremala. Nimemjibu mbele za watu kwamba sanduku langu hata maji linashika.

Kwenye mchoro wako kuna kosa moja. Chini ya duara kubwa umechora tundu dogo. Nimekusamehe, nimelirekebisha.

Ni mimi babu yako,
Fundi ambaye hajapata mwenzake.


Chumbani kwangu, 21 Mei

Babu, shikamoo.

Sanduku limefika na lori la mbao. Tumelishusha watu wanne, na wa nne alikuwa dereva mwenyewe, ambaye sasa anashika kiuno. Babu, ni zuri. Mama mwenye nyumba amelipapasa kama anampapasa mtoto, akauliza sahani zitakaa upande gani. Ile miguu ya simba uliyoichonga, sijui nikwambie nini. Kila anayeingia anainama kwanza kuiangalia ndipo ananisalimu.

Sasa babu, nisikilize, na usinune kabla hujamaliza kusoma.

Lile tundu dogo halikuwa kosa. Wewe umeliwekea mlango, na mlango una kufuli, na ufunguo umeufunga kwenye utepe ili panya wasiingie. Sanduku la besi linapumua, babu. Spika ikisukuma mbele inasukuma na nyuma, na ule upepo wa nyuma lazima utokee pale tunduni, ndiyo unaoipa sauti kifua. Nimefungua kufuli, nimeung'oa mlango, nikadhani yamekwisha.

Tukaenda mazoezini. Nilipopiga uzi mnene sauti haikutoka mbele, ilitoka kwenye kona. Fsss! Kama mtu mzima aliyejisahau mbele ya wakwe. Nikapiga tena, fsss. Mpiga ngoma aliinamia ngoma zake mabega yakitikisika. Vidole Kumi akasema, "Jamani, gitaa linavuja, leteni ndoo."

Chumba changu ni cha bati, mchana ni tanuri. Mbao zimekauka, zimerudi nyuma kidogo, na yale meno yako mazuri yameachana upana wa unywele. Kabati halijali unywele. Besi inajali. Pa kupumua umepaziba, na pa kuzibwa panapumua.

Nalirudisha na lori hilohilo. Babu, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kizito kama hiki, na najua ninavyovuka mpaka. Tia gundi.

Mkubwa wa bendi amemwambia Vidole Kumi aanze kujifunza nyimbo zangu.

Mjukuu wako.


Karakana, siku ya soko

Mpiga gitaa,

Salamu sina.

Seremala nimekuwa kabla ya hao watu wa bendi yako kujua kuvaa suruali. Nimetengeneza vitanda ambavyo watu wamezaliwa juu yake na kufa juu yake na katikati hapo wamefanya mengine na havikulia hata nywii. Leo mjukuu wangu niliyembeba begani ananiandikia neno gundi. Kwa wino!

Sanduku nimelipokea. Nimelizunguka mara nyingi kuliko lilivyostahili. Nimepitisha kucha kwenye kona sikuona kitu. Kosa ni la lori, limelitingisha. Kosa ni la bati la mama mwenye nyumba wako. Na pengine, sisemi kwamba ndivyo, nasema pengine, kosa ni la vidole vyako.

Kuhusu tundu, kama lilitakiwa kuwa wazi ungeandika, mimi si mganga.

Juzi nililimwagia maji kidogo kulipoza. Sasa linapumzika. Usiniharakishe.

Babu.

Mke mwenzangu, ni mimi bibi yako. Kanipa barua nitie kwenye bahasha nami nimepata nafasi hii hapa chini. Maji kidogo, eti. Cheche alimkumbusha mbele za watu kwamba alijisifu sanduku linashika maji. Babu yako akaita mtaa mzima, akaagiza ndoo tatu za maji, akayamimina kwa lile duara kubwa, akakunja mikono. Maji yakatoka kona zote nne, yakaingia viatuni kwa Cheche. Watu walicheka mpaka mwenye duka akafunga duka aje aone. Mbao zimevimba, sanduku limekuwa kama shavu la mwenye jino bovu, na za darini zimekwisha. Tangu siku hiyo anakaa karakana mlango umerudishwa, chakula anakichokoa tu. Mwandikie neno zuri. Na mimi sijakwambia kitu.


Chumbani, 2 Juni

Babu mpendwa, shikamoo.

Kwa kweli usijisumbue tena na sanduku. Nimepata la kuazima, la rafiki, zuri tu. Kwa kweli hata mkubwa wa bendi amefurahi, na mambo ya Vidole Kumi yamekwisha. Wewe pumzika. Yale maneno yangu ya gundi yalikuwa ya hasira za mazoezini, yasahau. Miguu ya simba iweke, siku moja nitaitumia kwa meza.

Msalimie bibi. Kwa kweli niko salama.

Mjukuu wako.


Karakana, Jumamosi asubuhi, lori linaningoja huku linaunguruma

Mchumba wangu,

Tangu hujafika kiunoni kwangu, ukitaka kusema uongo unaanza na kwa kweli. Kwa kweli babu sikula mimi sukari, na midomo imemeta. Katika barua yako nimezihesabu kwa kweli nikachoka. Hakuna rafiki, hakuna sanduku la kuazima, na huyo Vidole Kumi sasa hivi amekalia kiti chako.

Basi pokea hili.

Nimelitengeneza kwa uzi wako uleule, mafundo yaleyale. Miguu ya simba nimeiondoa, maana sanduku linalofanya kazi halihitaji viatu vya harusi. Tundu la kupumulia nimelitoboa mviringo nikalisugua kwa msasa mpaka likawa laini kama mdomo wa chupa. Nilikuwa na wazo hilo tangu mwanzo, nilitaka tu kuona kama unajua unachokitaka.

Mbao usiulize nimetoa wapi. Zipo mbao na zipo mbao. Hizi zimekauka zikamaliza kukauka, kama zilikuwa na nia ya kupinda zimekwisha kuipoteza, hata ukizilaza juu ya bati la mama mwenye nyumba zitakuuliza jua liko wapi. Kuna mtu alikuwa nazo akanipa. Hakunipa kwa kupenda sana.

Nimelijaribu mbele ya mtaa uleule, safari hii si kwa maji, mtu mwenye akili hajaribu spika kwa maji. Nimetia ndani kopo la unga wa mbao mbichi unaofuka, duara nikalifunika kwa ubao na gunia la mchanga juu yake. Watu wakasogea. Cheche alikuja na viatu vya mpira, mshenzi yule. Tukangoja. Kona ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, ya nne, hakuna hata uzi wa moshi. Mara moshi ukatoka pale tunduni peke yake, mzito, umenyooka, kama bomba la kiwanda. Kelele zilizopigwa hapo usiulize. Cheche alivua kofia. Akaenda kwake akarudi na vishikio viwili vya chuma na vyuma vya kukinga pembe, akavifunga mwenyewe, hakutaka hata asante.

Bibi yako hasemi nami lakini anapika, kwa hiyo si mbaya.

Ukifungua nyuma kutia spika, tia spika ufunge. Usikae kuchungulia chungulia ndani. Ndani ya sanduku ni kama ndani ya ndoa ya watu.

Barua hii nimeifunga mwenyewe.

Nenda kapige. Ukipiga vibaya useme sanduku ni la Cheche.

Babu yako, Fundi.


Chumbani, 30 Juni

Babu! Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Sijui nianzie wapi, nitaanzia kwenye jukwaa.

Tulifika uwanjani mchana. Mkubwa wa bendi alipoliona sanduku likishushwa akauliza, "Ndilo lilelile linalojamba?" Nikasema, "Hili ni ndugu yake aliyesoma." Akaniambia, "Wimbo mmoja. Ukivuja, unashuka, na Vidole Kumi anaendelea." Vidole Kumi alikuwa amekwisha kutandaza mkono wake wa kushoto juu ya kinanda, kama paka aliyeona mtu anakula.

Nikachomeka waya. Babu, nilipiga uzi mmoja tu. Wa chini kabisa.

Vumbi la jukwaa liliruka juu likabaki hewani. Chupa ya maji ya mpiga ngoma ilitembea yenyewe mpaka ukingoni ikaanguka. Mimi niliisikia sauti miguuni, kisha tumboni, masikio yakawa ya mwisho kupata habari. Watu waliokuwa wamekaa kule mbali kwenye ukuta, wanakula, hawana habari nasi, walisimama. Nikapiga wa pili, nikaingia kwenye wimbo, na mpiga ngoma akaniangalia akacheka kwa sauti, kicheko kile cha mtu aliyebebwa mgongoni na mtu mwenye nguvu. Kona zote nne hazikutoa hata pumzi.

Vidole Kumi alijaribu mistari miwili hivi. Kisha akauinua ule mkono wa kushoto, akautazama, akautia mfukoni. Alimaliza tamasha zima na mkono mmoja. Sasa bendi nzima inamwita Vidole Vitano, na yeye mwenyewe anacheka, si mtu mbaya.

Mwisho wa wimbo wa tatu mkubwa wa bendi alikuja kusimama karibu yangu, akaweka kiganja juu ya sanduku, akakiacha pale. Akanipigia kelele sikioni: "Hili halitoki kwenye bendi hii. Wala mwenye nalo!" Babu, nafasi ni yangu. Si ya tamasha moja. Ni yangu.

Sasa mambo mawili.

La kwanza, bahasha yako ilinishinda kufungua, niliipasua kwa kisu. Na ndani ya sanduku, kwenye kila kona, kuna kitu cha kahawia kimekauka kwa matone kama kimelia. Ni nini hicho, babu?

La pili. Ulinikataza kuchungulia, nikachungulia. Upande wa kushoto, chini, kuna ng'ombe. Amechorwa kwa penseli ya seremala na ana miguu mitano. Ninamfahamu yule ng'ombe. Nilimchora mimi, nimejificha katikati ya nguo za bibi, siku niliyovunja kioo cha dirisha la karakana, nawe ukapita mbele ya kabati ukisema kwa sauti kubwa, "Sijui huyu mtoto yuko wapi," na ulikuwa unajua.

Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi muda mrefu kabla ya kutia ile spika.

Babu, bibi anatundika wapi nguo zake?

Usijibu, najua. Mkubwa wa bendi anataka masanduku mengine mawili kama hili, ya waimbaji. Nimemwambia fundi wangu hapokei kazi hivi hivi. Zile mbao nene za sakafu ya jumba la sinema zilikuwa bado zimerundikwa pale, zimekanyagwa na watu tangu enzi zenu, kavu kama mfupa. Mkubwa amezinunua zote. Zinakuja na lori Alhamisi. La kwanza ni kabati la bibi. Masanduku yatangoja, nimemwambia hivyo na amekubali, siku hizi ananikubalia.

Mjukuu wako, mpiga besi.


Karakana, Jumapili, kalenda mpya ipo lakini iko juu sana

Mchumba wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hukuwa na haja ya kuniandikia, dereva wa lori alikuwepo uwanjani na kiuno chake, kaja kunihadithia kabla barua yako haijafika, na amehadithia kila mahali aliposimama kunywa chai. Nimemrudisha aanze upya mara kadhaa. Pale pa mkono kutiwa mfukoni nimemrudisha zaidi.

Kile cha kahawia kwenye kona ni gundi. Unashangaa nini? Mimi tangu mwanzo nilisema gundi. Sanduku la spika bila gundi ni tenga la kuku, kila mtu anajua, Cheche nilimfundisha mimi. Kuna mafundi wazee wabishi wanaoona gundi ni aibu, hao wasikilize uwaache na utu uzima wao.

Kwenye mlango kuna kibao kipya, Cheche kakikata kwa chuma kanichomelea bure: FUNDI WA MASANDUKU YA SAUTI. Nilimwambia aongeze YOTE, akasema chuma kimekwisha.

Mbao za sinema zimefika. Nimezipiga randa, chini ya uchafu wa miguu zina rangi ya chai ya rangi. Kabati la bibi yako limesimama. Ni pana kuliko la kwanza, kwa uzi nilimpima nguo zake nikaongeza fundo moja, sikumwambia la nini. Ameanza kusema nami. Mengi ni ya kunisema, lakini ni maneno.

Ndani, upande wa kushoto, chini, nimeacha ubao mmoja bila kuupaka mafuta. Penseli inaning'inia hapo kwa uzi. Njoo umchore tena. Na usimpunguze mguu, yule alisimama imara kwa sababu ya ule wa tano.

Ukija, njoo na sanduku. Nataka Cheche aweke kikombe chake juu ya benchi lake, nawe upige ule uzi wa chini, tukitazame kikombe kikitembea.

Babu yako,
Fundi wa masanduku ya sauti yote.

Mke mwenzangu, safari hii kanipa nafasi mwenyewe, kasema andika utakalo. Kabati ni zuri, sisemi. Ila droo ya chini kaitia gundi mpaka imekataa kufunguka, na yeye anasema ndiyo mtindo. Nguo zimetoka kwenye kamba ya jikoni, hazinuki tena moshi. Nilimkasirikia, ndiyo, nilimkasirikia vibaya, mpaka dereva aliposimulia akafika pale pa vumbi kuruka. Lile kabati la zamani lilikaa kimya chumbani kwangu miaka yote likinisikiliza, nikilia, nikicheka, nikimteta babu yako. Njoo nalo upesi. Nataka kuvuta kiti, na mimi nilisikilize.